Umejiajiri Uingereza, kisha barua ya juri ikaingia mlangoni

Mtu akiletewa barua ya mahakama, swali la kwanza ni: nimekosa nini? Mama mmoja anayepika pilau na biriani za harusi aliificha barua yake chini ya mto siku nne kabla ya kuileta kwenye dawati letu la msaada wa sheria. Hakuwa na kosa lolote. Alikuwa ameitwa kwenye juri, yaani awe mmoja wa watu 12 wa kawaida wanaosikiliza kesi ya jinai na kuamua kama mshtakiwa ana hatia au hana. Adhabu si kazi yao, hiyo humhusu jaji.

"Lakini mimi pasipoti yangu ni ya Tanzania," akasema. "Wamenipataje?"

Wamempata kwenye daftari la wapiga kura. Kwa England na Wales, majina hutolewa humo kwa bahati nasibu, na sheria ya juri ya 1974 haiulizi uraia. Inataka jina lako liwe kwenye daftari, uwe na umri wa kati ya miaka 18 na 75, na uwe umeishi Uingereza walau miaka mitano tangu ulipotimiza miaka 13. Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda zimo katika Jumuiya ya Madola, kwa hiyo raia wake wenye kibali cha kuishi huku wanaweza kujiandikisha kupiga kura. Wengi hujiandikisha wakifikiria mikopo ya benki, maana wakopeshaji hulitazama daftari hilo, hawafikirii mahakama. Scotland ina juri la watu 15 na taratibu zake. Haya ninayoyaeleza si ya kule.

Waliokulia nyumbani huwakumbuka wazee wa baraza waliokaa pembeni ya jaji. Usiwachanganye na hawa. Mzee wa baraza alitoa ushauri na jaji hakufungwa nao. Kenya iliwaondoa kabisa mwaka 2007. Juri la Uingereza halimshauri mtu. Likisema mshtakiwa hana hatia, anakwenda zake.

Sasa tuje kwenye tumbo, maana hapo ndipo aliyejiajiri anapoumia. Mwajiriwa ana bosi ambaye huenda akaendelea kumlipa. Kinyozi, fundi bomba, dereva wa teksi, mama wa chapati, hawa wakifunga siku moja, siku hiyo haina hela. Wito wa kawaida ni siku 10 za kazi, yaani wiki mbili, na kodi ya duka haijui kwamba uko mahakamani.

Jibu barua ndani ya siku 7, kwenye mtandao au kwa posta. Kuinyamazia kunaweza kukugharimu faini ya hadi pauni 1,000, na mahakama haitauliza kama biashara ilikuwa mbaya mwezi huo. Kusema tu "nina biashara" mara nyingi hakutoshi kukuondoa. Kinachokubalika kwa urahisi zaidi ni kuahirisha, na hilo hufanyika mara moja tu, kwa tarehe iliyo ndani ya miezi 12 inayofuata. Kwa hiyo usiitumie ovyo nafasi hiyo. Kaa na kalenda yako kwanza. Yule mama alikuwa ameitwa Agosti, katikati ya msimu wa harusi, na wateja watatu wameshampa advansi. Tuliandika tarehe za sherehe hizo, tukaambatanisha risiti za advansi, tukapendekeza Februari. Walikubali. Angeandika "nina shughuli nyingi" bila ushahidi, nina shaka kama angesikilizwa.

Malipo sasa. Mahakama hailipi mshahara, hufidia hasara, tena kwa kikomo. Kwa siku 10 za kwanza kikomo ni pauni 64.95 kwa siku ukikaa mahakamani kwa muda unaozidi saa nne, na pauni 32.47 ukiachiwa mapema. Kikomo hicho hicho kimebeba na gharama za ziada za kulelewa watoto wako, usidhani ni fungu jingine. Nauli na chakula ndivyo vina mafungu yake, na la chakula ni dogo: pauni 5.71 kwa siku ya kawaida. Viwango vinavyokuhusu utaviona kwenye karatasi za wito, visome hapo.

Hasara yako utaithibitisha kwa ritani ya kodi ya karibuni, yaani ile taarifa ya mapato unayoipeleka ofisi ya kodi. Hapa ndipo sura za wengi hubadilika. Tuseme ritani yako inaonyesha faida ya pauni 15,600 kwa mwaka, nawe unafanya kazi siku sita kwa wiki. Gawanya kwa siku 312, unapata pauni 50. Basi hata kama mkononi huwa unashika 120 kwa siku, hesabu itaanzia kwenye hiyo 50. Aliyeiambia ofisi ya kodi kwamba anapata kidogo atafidiwa kidogo, na hapo sisi hatuna la kumsaidia. Kama bado hujajaza ritani ya kwanza, muulize mhasibu wako kuhusu barua ya kuthibitisha mapato mapema, kabla wiki ya mahakama haijafika. Tazama pia bima ya biashara yako: baadhi huwa na kipengele cha kulipia siku za juri, na wenye nacho wengi hawajui.

Kikao huanza karibu saa nne asubuhi na huisha jioni mapema. Kuna kungoja kwingi, siku nyingine unarudishwa nyumbani bila kuitwa ndani. Ili biashara isisimame, yule mama alikuwa akipika usiku. Kingereza chako kikiwa cha kubahatisha, mwambie karani mapema. Jaji ana mamlaka ya kukuachia kama hutaufuata ushahidi. Na simu yako isiitafute kesi. Kumchunguza mshtakiwa kwenye intaneti, hata kwa udadisi tu, ni kosa la jinai tangu 2015, na kifungo chake hufika miaka miwili. Mliyojadiliana ndani ya chumba cha juri hayasimuliwi hata kwa mume au mke, hata kesi ikishakwisha.

Zipo kesi zinazopita siku 10. Kuanzia siku ya 11 kikomo hupanda hadi pauni 129.91, lakini duka lililofungwa miezi miwili halifufuliwi na hizo. Kwa kesi ndefu, watu huulizwa kabla ya kuapishwa kama wana kizuizi. Wengi huona haya mbele ya jaji, wakanyamaza. Inua mkono wakati huo, ueleze kwamba biashara ni ya mtu mmoja na huyo mtu ni wewe. Ukishaapa, kutoka ni shida.