Kabla ya Kusema "Hata Kwetu": Riwaya Katika Darasa la Kiingereza

Mtalii amejikwaa kwenye ngazi za Ngome Kongwe hapa Bagamoyo. Kijana wetu wa mwaka wa pili chuo kikuu, sarufi yake haina doa, anamwambia "sorry". Mtalii anashangaa: si wewe uliyenisukuma, radhi ya nini? Kijana alikuwa akitoa pole tu. Kiingereza hakina neno lililo sawasawa na pole, na kitabu cha sarufi hakikumwonya.

Alichokosa kijana huyu wataalamu wa ufundishaji lugha hukiita umilisi wa mawasiliano baina ya tamaduni. Mwaka 1997 Michael Byram wa Uingereza alieleza kuwa haitoshi kujua desturi za wenzako. Kuna mtazamo ulionao juu yao, kuna uwezo wa kufasiri na kulinganisha, kuna kujua kuuliza, na kuna kuzipima kwa jicho kali hata desturi za kwenu. Sasa yafundishe hayo kwa darasa lililofurika, ambalo wengi wake hawajawahi kuvuka mpaka wa nchi! Mimi hutumia hadithi.

Mfano ninaoupenda uko mwanzoni mwa riwaya ya Mnigeria Chinua Achebe ya mwaka 1958, ambayo kwa Kiswahili ilitafsiriwa Shujaa Okonkwo. Okoye amekwenda kwa jirani yake Unoka, anamdai. Mwenyeji anatoa kola, kokwa chungu ya kumkirimu mgeni, naye mgeni anamrudishia aivunje yeye, wanabishana kidogo nani apewe heshima hiyo. Wanakula, wanazungumza habari za mvua na vita. Baada ya hapo ndipo Okoye anapoligusa deni, tena kwa methali tupu. Unoka anacheka mpaka basi, anamwonyesha ukutani mistari ya chaki: hao ni wadai wangu, na wenye madeni makubwa watatangulia.

Darasa huangua kicheko. "Hata kwetu!" Ni kweli, pwani hii nani anayebisha hodi na kudai papo hapo? Utaulizwa za nyumbani, utakaribishwa, utasema umepita tu kusalimia.

Hapo ndipo ninapowasimamisha. "Hata kwetu" imekufikisha barazani, sebuleni hujaingia. Mbona Okoye alijipaka chaki kidole gumba cha mguu? Unoka alipovunja kola aliwaomba mababu. Wewe mgeni wa dini nyingine ungeitikia? Darasa linanyamaza. Kisha Mkwere na Msukuma wanaanza kubishana namna ya kudai deni kwao, na wote ni Watanzania. Dakika kumi za ubishi huo, kwa Kiingereza cha kubabaisha, nazithamini kuliko mhadhara wangu mzima.

Kinachoua kazi hii ni vile vijitabu vya uchambuzi: wahusika, dhamira, fani, basi. Mwanafunzi anafaulu mtihani bila kukaa na Okoye hata dakika moja. Sisi walimu tuna lawama, maana maswali yetu ndiyo yanayoviuza. Afadhali usome kurasa tano polepole kuliko riwaya tatu kwa muhtasari. Na zisiwe za Afrika pekee. Mazungumzo katika riwaya ya Kiingereza huonyesha jinsi Mwingereza anavyozungusha ombi dogo, jambo linalomsaidia anayetafsiri "nipe maji" neno kwa neno, kisha akaonekana hana adabu.

Watu wa Bagamoyo wana sababu ya ziada ya kulijali somo hili. Mtoro bin Mwinyi Bakari alitoka hapa, akaenda Berlin mwaka 1900 kuwafundisha Wajerumani Kiswahili. Maandishi yake kuhusu desturi za Waswahili, kuanzia kuzaliwa hadi jando, harusi na matanga, yalitolewa mwaka 1903. Tafsiri ya Kiingereza ilitoka mwaka 1981. Huwapa wanafunzi kurasa chache za tafsiri hiyo, waende nazo kata ya Dunda au Magomeni hapa hapa Bagamoyo, wakae na wazee, waulize lipi bado lipo na lipi limekufa, kisha warudi waeleze kwa Kiingereza.

Wanaporudi huwa wamekasirika kidogo. "Mwalimu, huyu bwana hapa ametusema vibaya," wananiambia, huku mwenzao wa pembeni akiapa kwamba bibi yake amethibitisha kila neno.