Aurora si mwanga wa barafu, wala si pambo tu

Ukiuliza aurora, ile mianga ya rangi inayoonekana angani usiku karibu na ncha za dunia, ni nini, wengi watakwambia ni jua linalomulika barafu ya ncha za dunia, na mwanga ukarudi angani. Si kweli. Barafu na baridi hazihusiki. Elektroni, chembe ndogo mno zenye chaji ya umeme, hushuka kwa kasi zikifuata uga wa sumaku wa dunia, zikagonga oksijeni na naitrojeni, na hewa hiyo iliyogongwa ndiyo inayong'aa. Majira ya baridi yanasifiwa kwa sababu usiku ni mrefu. Mwezi Juni jua halizami Tromsø, kaskazini mwa Norwei, hivyo aurora ikiwaka hakuna anayeiona.

Wengine huapa kwamba aurora hushuka hadi vilele vya milima. Mwaka 1910 Mnorwei Carl Størmer aliipima kwa njia ninayoistahi sana: vituo viwili vilivyo mbali, vimeunganishwa kwa simu, wapiga picha wakifyatua kamera kwa wakati mmoja. Katika kila picha mwanga uliangukia nyota tofauti kidogo, na tofauti hiyo ikampa kimo. Ukingo wa chini uko kama kilomita 100 juu. Rangi nyekundu hukaa juu zaidi, kupita kilomita 200: atomu ya oksijeni huhitaji karibu dakika 2 kuutoa mwanga huo, na huko juu hewa ni nyepesi kiasi cha kuiacha itulie muda wote huo.

Rangi kali za picha za simu nazo si za kubuni. Kamera hukusanya mwanga kwa sekunde kadhaa. Jicho gizani ni dhaifu kwa rangi.

Dhana inayonisumbua zaidi ni kwamba aurora ni pambo tu. Mikondo ya umeme inayoandamana nayo hupasha joto angahewa la juu, ambalo huvimba na kuzikokota setilaiti. Februari 2022 kampuni ya SpaceX ilirusha setilaiti 49 za intaneti za Starlink hadi kilomita 210 hivi. Dhoruba ya sumaku, yaani msukosuko wa uga wa sumaku wa dunia, tena isiyo kubwa, iliongeza ukinzani wa hewa hadi asilimia 50 kuliko katika safari zilizotangulia, na takriban 40 zikapotea. Rada za EISCAT, shirika la utafiti wa kisayansi, karibu na Tromsø zimekuwa zikifuatilia joto na elektroni za huko juu tangu miaka ya 1980.

Wala jambo hili haliishii kwa watu wa kaskazini. Dhoruba ikiwa kali, mawimbi ya hewa iliyopashwa joto kwenye ncha huweza kufika ikweta kwa saa chache.