Je, wajua kwa nini Linux huwaka hata ikiwa ndani ya patisheni iliyopanuliwa?

Muulize fundi aliyejifunzia kazi kwenye kompyuta za miaka ya tisini, atakujibu bila kusita: mfumo endeshi hauwaki mpaka ukae kwenye patisheni (kipande cha diski) ya msingi, yaani iliyoandikwa moja kwa moja kwenye jedwali kuu la diski. Kauli hii imepokezanwa miaka mingi, na hadi leo kuna watu wanaofuta patisheni nzima ya picha na nyaraka ili kuupisha mfumo endeshi wa Linux. Hawakuwa na haja. Linux huwaka vizuri kabisa kutoka patisheni ya ndani, ile iliyokatwa ndani ya patisheni iliyopanuliwa, na imekuwa hivyo tangu enzi za LILO, programu ya zamani ya kuiwasha Linux, mwanzoni mwa miaka ya 1990.

Msingi wenyewe ni mfupi. Sekta ya kwanza ya diski, MBR, ina baiti 512: baiti 446 za msimbo, 64 za jedwali la patisheni, na 2 za mwisho ambazo ni alama ya uhalali, 55 AA. Kila patisheni hula baiti 16 za jedwali, kwa hiyo nafasi ni nne, basi. Mpangilio huo ulikuja na DOS 2.0 mwaka 1983, diski ya PC ilipokuwa ya megabaiti 10. Diski zikakua, lakini DOS haikuweza kutumia zaidi ya megabaiti 32 katika patisheni moja. DOS 3.3 ya mwaka 1987 ikaleta njia ya kupenya: nafasi moja kati ya zile nne iwe patisheni iliyopanuliwa, na humo zikatwe patisheni nyingine, za ndani. Linux huzipa hizo za ndani namba kuanzia 5, hata kama za msingi hazijafika nne. Ndiyo maana unakuta diski ya kwanza, sda, ina sda1, sda2, kisha ghafla sda5.

Sasa ile kauli ya fundi ilitoka wapi? Ili kuielewa, mfikirie askari wa getini kwenye kiwanja chenye nyumba nne. Askari ana karatasi yenye mistari minne, na mmoja umewekewa tiki. Mgeni akifika, askari hasomi majina wala haulizi anakwenda kwa nani. Anatafuta tiki, anampeleka mgeni hadi mlango wa mbele wa nyumba hiyo, kazi yake imekwisha. Nyumba moja kati ya hizo nne ni ya vyumba vya kupanga. Wapangaji wake hawamo kwenye karatasi ya getini. Kwenye mlango wa chumba cha kwanza kuna kibao kinachosema chumba chenyewe kiko hapa, na cha pili utakikuta hatua kadhaa mbele. Kwenye cha pili kuna kibao kinachoelekeza cha tatu, na kuendelea. Anayemtaka mpangaji wa chumba cha tatu lazima apite kibao kwa kibao.

Askari ndiye msimbo wa kawaida wa MBR, ule uliowekwa na DOS au Windows. BIOS, programu inayoiamsha kompyuta, inapoupakia kwenye anwani 0x7C00 ya kumbukumbu, unajihamishia 0x0600, unapitia mistari minne kutafuta thamani 0x80, ambayo ndiyo tiki yetu, kisha unapakia sekta ya kwanza ya patisheni hiyo pale pale 0x7C00 na kuiachia usukani. Vibao vya milangoni ni sekta ziitwazo EBR. Kila EBR imeumbwa sawasawa na MBR, ila katika mistari yake minne ni miwili tu inayotumika: wa kwanza unaeleza patisheni ya ndani, wa pili unaelekeza EBR inayofuata. Na hapa kuna jambo ambalo limewasumbua wengi walioandika programu za diski. Mstari wa kwanza huhesabu sekta kuanzia EBR yenyewe, ilhali wa pili huhesabu kuanzia mwanzo wa patisheni nzima iliyopanuliwa. Ukichanganya hesabu hizo mbili, unatua mahali pasipo na kitu.

Kwa hiyo fundi hakusema uongo kuhusu DOS. Msimbo wake wa MBR hausomi vibao. Hata ukiufikisha kwa nguvu kwenye patisheni ya ndani, sekta ya kuwashia ya DOS hutegemea namba iliyoandikwa ndani yake kujua iko umbali gani kutoka mwanzo wa diski, na kwenye patisheni ya ndani namba hiyo kwa kawaida ilihesabiwa kutoka EBR, mara nyingi 63. DOS ingetafuta faili zake karibu na mwanzo wa diski na kuzikosa. Kosa ni kuichukua kanuni ya DOS na kuifanya ya mifumo yote. Windows NT yenyewe haikuibeba nzima: faili chache za kuwashia ndizo zilizohitaji patisheni ya msingi yenye tiki, lakini folda kubwa ya Windows iliweza kukaa kwenye patisheni ya ndani bila shida.

Kulikuwa pia na sababu ya pili iliyoipa kauli hiyo nguvu. BIOS za zamani zilitumia biti 10 kuhesabu silinda, yaani mizunguko ya diski, kwa hiyo hazikuona zaidi ya silinda 1024, yaani kama gigabaiti 8.4 hata diski ikihesabiwa kuwa na vichwa 255 vya kusomea. Patisheni iliyopanuliwa kwa kawaida hukaa mwishoni mwa diski. Mtu akiweka Linux humo, kerneli, kiini cha Linux, ikiangukia ng'ambo ya mpaka huo, LILO ilikwama njiani, herufi za jina lake zikiwa hazijatimia kwenye skrini. Lawama ikaenda kwa patisheni ya ndani, wakati tatizo lilikuwa umbali. Patisheni ya msingi iliyokaa mbali vilevile ingekwama vilevile.

Linux hupitaje? Njia inayotumika sana ni kumbadilisha askari. GRUB 2, programu ya kuwashia ya siku hizi, huweka kipande chake cha kwanza ndani ya MBR, na kipande kikubwa zaidi, core.img, kwenye sekta zilizo wazi kati ya MBR na patisheni ya kwanza. Zamani sekta hizo zilikuwa 62, yaani baiti 31,744. Siku hizi patisheni ya kwanza huanzia sekta 2048, nafasi ni tele. Core.img inajua kusoma vibao vya EBR na inaelewa mfumo wa faili kama ext4. Inapita kibao kwa kibao hadi (hd0,msdos5), ambayo ndiyo sda5 kwa lugha ya GRUB, inapakia kerneli, na kuiambia root, patisheni yenye faili za mfumo, iko wapi. Kerneli ikishashika, inausoma mnyororo wa EBR upya kwa macho yake yenyewe.

Njia ya pili ndiyo inayonivutia zaidi. Askari wa zamani haulizi aina ya nyumba, sivyo? Basi weka tiki kwenye patisheni iliyopanuliwa yenyewe! Ataipakia sekta yake ya kwanza, ambayo ni EBR, ataona 55 AA ipo, ataruka. EBR nayo ina baiti zile zile 446 za msimbo, ambazo DOS iliziacha bure. LILO iliingia humo bila kugusa jedwali, na YaST, programu ya mipangilio ya SUSE (toleo mojawapo la Linux), ikaifanya kuwa chaguo la kawaida kabisa la kuwashia. MBR ya Windows inabaki kama ilivyo.

Si kila mfumo wa familia ya Unix unakubali haya. Sekta ya kuwashia ya FreeBSD, boot1, hutafuta patisheni yake ya aina A5 kwenye jedwali la MBR peke yake, kwa hiyo FreeBSD ipewe patisheni ya msingi. NetBSD ina msimbo wa MBR uitwao mbr_ext unaofahamu patisheni za ndani. Na kwenye diski za GPT, mpangilio mpya zaidi ya MBR, mjadala wote huu haupo, kwani jedwali lake kwa kawaida lina nafasi 128.

Anayebaki na MBR ajihadhari na kitu kimoja: namba za patisheni za ndani hufuata mpangilio wa mnyororo. Ukifuta sda5, iliyokuwa sda6 inakuwa sda5. Core.img bado inatafuta msdos6, na unaamkia kwenye grub rescue>, skrini ya dharura ya GRUB. Faili zako zipo. Andika ls uone patisheni, kisha:

set prefix=(hd0,msdos5)/boot/grub
set root=(hd0,msdos5)
insmod normal
normal

Linux ikiwaka, hakikisha /etc/fstab, faili yenye orodha ya patisheni za kufunguliwa, inatumia UUID (kitambulisho cha kudumu cha patisheni) badala ya majina kama /dev/sda6, kisha endesha grub-install /dev/sda ili core.img ibebe anwani mpya.