Mbwa akiwa nyumbani, avae kola au avuliwe? Maswali na majibu

Kola, ule mkanda wa shingoni, mbwa huvalishwa siku ya kwanza kisha husahaulika. Mimi ni daktari wa mifugo, na ninapomwomba mwenye mbwa aifungue ili nipapase shingo, wengi hushtuka: haijafunguliwa tangu mbwa aletwe nyumbani. Haya ni maswali ninayoulizwa mara kwa mara juu ya jambo hilo. Ninaposema "nyumbani" nahesabu pia ua uliozungushiwa ukuta, maana mbwa wengi wa Dar es Salaam, Arusha na Nairobi huishi uani, si sebuleni.

Daktari, nimwache na kola au nimvue?

Mvue, ikiwa geti lako linafungika na yeye si mtoro. Kola ina kazi mbili za maana: kushikia kamba mnapotoka, na kumtambulisha akipotea. Mbwa aliyelala jikoni hahitaji hata moja kati ya hizo, ila hatari ya kola anabaki nayo. Nyumba yenye geti linaloachwa wazi kila gari linapopita, au mbwa anayechimba chini ya ukuta, hesabu yake ni nyingine. Nitaifikia hapo chini.

Hatari ipi? Wangu ameivaa miaka minne na hajapatwa na kitu.

Na huenda asipatwe. Ajali za kola si za kila siku. Ninazisisitiza kwa sababu zikitokea huchukua dakika chache tu, na mara nyingi hakuna mtu karibu.

Kola hunasa kwenye nondo ya dirisha, kwenye kitasa, kwenye ncha ya waya wa kizimba, kwenye seng'enge, hata kwenye mguu wa stuli. Mbwa aliyenaswa hatulii akajaribu kujitoa. Anavuta kwa nguvu zote, anajizungusha, na kila anavyojizungusha mkanda unazidi kukaza. Aliyefungwa mnyororo karibu na ukuta mfupi ana hatari nyingine: akiuruka ukuta kumfuata paka, mnyororo unaishia kabla miguu haijafika chini, naye ananing'inia upande ambao humwoni.

Ajali inayowashangaza watu zaidi ni ya mbwa wawili wanaopendana. Mbwa wakicheza hung'atana shingoni. Meno ya chini ya mmoja yanapita chini ya kola ya mwenzake, anajaribu kujinasua kwa kugeuka, na kola inajipinda kama nguo inayokamuliwa. Mmoja anakabwa, mwingine taya limekwama na linaweza kuvunjika. Wote wawili wanapiga kelele za hofu, na walio ndani ya nyumba wanadhani wanapigana, basi wanamwaga maji au kuchukua fimbo wakati kinachotakiwa ni mkasi. Ukifuga zaidi ya mmoja na wanacheza pamoja, wavue kola wote. Hapo sina mjadala.

Mnyororo wa kukaba, ule unaojikaza ukivutwa, usiachwe shingoni hata kidogo mbwa akiwa peke yake.

Nikiwakuta wamenaswa, nifanye nini?

Usiwavute kuwatenganisha, kwani ndiyo njia ya haraka ya kumkaba aliye chini. Wasukume wakaribiane ili mkanda ulegee, kisha mgeuze mmoja kinyume na alivyojizungusha mpaka pindo lifunguke. Kama kuna mtu mwingine, kila mmoja ashike mbwa mmoja. Ikishindikana, kata kola. Mkasi mzito wa fundi cherehani unatosha kwa kola ya kitambaa, na ningependa uwe mahali ambapo hata dada wa kazi anapajua. Jihadhari na mikono yako, kwa sababu mbwa aliyekosa pumzi humng'ata hata anayemlisha.

Akiwa amezimia na hapumui, mlaze ubavu, nyoosha shingo, vuta ulimi nje uangalie kama kuna kitu kooni. Mbonyeze kifua kwa kasi ya mara 100 hadi 120 kwa dakika, kila mbonyezo ushuke theluthi moja hadi nusu ya upana wa kifua. Baada ya mibonyezo 30, mfumbe mdomo umpulizie puani mara mbili, kisha rudia. Kama hajachanjwa kichaa cha mbwa, usimpulizie. Endelea na kifua tu.

Akizinduka, mlete kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo, hata kama anatikisa mkia. Aliyekabwa anaweza kujaa maji mapafuni saa kadhaa baadaye. Kuhema kwa shida, fizi za rangi ya kijivu au bluu, na sauti iliyobadilika ni dalili za kukimbilia matibabu usiku huohuo.

Mbali na ajali, kola inaweza kumdhuru polepole?

Inaweza, na haya ndiyo ninayoyaona zaidi. Chini ya mkanda usiofunguliwa ngozi inapata unyevu, manyoya yanakatika, inawasha, mbwa anajikuna hadi kidonda. Wakati wa mvua na joto hali huwa mbaya zaidi. Kupe nao wanapapenda hapo, kwa kuwa kuna giza na hakuna mkono unaopapasa. Kupe wa kahawia wa mbwa hueneza magonjwa ya damu yanayoua, kwa hiyo kumvua kola jioni na kupitisha vidole shingoni ni uchunguzi mzuri usiogharimu hata senti.

Kinachoniumiza roho zaidi ni watoto wa mbwa. Kamba inafungwa akiwa na miezi miwili, kisha anakua, kamba haikui. Inaanza kukata ngozi, inazama, nyama inaota juu yake. Mwenye mbwa anakuja kulalamikia harufu tu. Kumbe shingoni kuna jeraha la duara zima, na kamba lazima itolewe kwa upasuaji. Kwa mtoto wa mbwa, pima kila wiki: vidole viwili vilivyolala vipite kati ya mkanda na shingo bila kusukumwa.

Halafu kuna mgandamizo wa kuvuta. Utafiti wa mwaka 2006 uliofanywa kwa mbwa 26 ulionyesha kuwa presha ndani ya jicho hupanda mbwa anapovuta akiwa amefungwa kwa kola, lakini haikupanda hivyo alipovaa mkanda wa kifuani. Mwaka 2020 watafiti wa Nottingham, Uingereza, walijaribu aina mbalimbali za kola kwenye shingo ya bandia. Hata zile laini zenye pedi zilitoa mgandamizo wa kutosha kuhatarisha shingo. Unaweza kusema hayo ni ya barabarani. Lakini mbwa anayeshinda amefungwa uani, akiukimbilia mnyororo kila mtu anapobisha hodi, anavuta mara nyingi kuliko anayetembezwa. Mwenye presha ya macho, mwenye pua bapa kama Bulldog, au mbwa mdogo mwenye kikohozi cha bomba la hewa, afungwe kwa mkanda wa kifuani tu. Nao pia avuliwe akipumzika, kwani unachubua kwapani.

Na kola za kupe na viroboto? Zile zinasema zisivuliwe.

Ni kweli, zinafanya kazi kwa kukaa mwilini. Zenye dawa za imidacloprid na flumethrin, kwa mfano, hulinda hadi miezi minane zikivaliwa mfululizo. Chagua iliyotengenezwa kulegea au kukatika mbwa akinaswa, na ukate mkia unaoning'inia baada ya kuifunga ili mwenzake asiutafune. Kama nyumbani kuna mtoto mdogo anayemkumbatia mbwa kisha kutia vidole mdomoni, mimi huelekeza kwenye vidonge vya kutafuna badala ya kola.

Kola yenye amitraz, dawa ileile tunayoogeshea ng'ombe, ikiliwa na mbwa ni sumu: analegea, moyo unapiga polepole, sukari ya damu inapanda. Akiitafuna mlete mara moja, pamoja na kipande kilichobaki. Nyumba yenye paka isitumie kitu chenye permethrin bila kuuliza, kwa maana dawa hiyo inayovumiliwa na mbwa inaua paka.

Lakini nikimvua akatoroka, nani atajua ni wangu?

Hiki ndicho kipimo cha upande wa pili, na sikichukulii kwa wepesi. Barabarani, mbwa asiye na alama yoyote huhesabiwa koko. Huenda akafukuzwa kwa mawe, au akachukuliwa na mtu anayeamini kwa nia njema kwamba hana mwenyewe.

Kuna na suala la kichaa cha mbwa. Mbwa anayeonekana mzima akimng'ata mtu, kumtambua na kumchunguza kwa siku 10 kunawasaidia madaktari kuamua kuhusu chanjo za aliyeng'atwa, zinazoanza bila kusubiri siku hizo ziishe. Mbwa asiyejulikana wa nani hachunguziki. Katika vijiji vinavyopakana na Hifadhi ya Serengeti, mbwa waliochanjwa wamewahi kuvalishwa kola za alama ili watakaopita baadaye wahesabu wangapi wamefikiwa, kwa kuwa shabaha ni kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa wote. Kwa hiyo kola inalinda hata watu, sikatai.

Ndiyo maana nauliza kuhusu geti kabla ya kujibu. Nyumba yenye watu wengi wanaoingia na kutoka, fundi leo, muuza maji kesho, mbwa abaki na kola, lakini iwe ile ya kibano kinachofunguka chenyewe ikivutwa kwa nguvu, yenye kibati kilichochongwa namba ya simu. Kibati kishonewe bapa juu ya mkanda kisining'inie, maana kinachoning'inia ndicho kinachonasa. Kola hiyo haifai kutembezea mbwa, ataifungua kwa mvuto mmoja. Ya kutembezea iwe nyingine. Mbwa anayeishi nyuma ya ukuta mrefu na geti la kujifunga avuliwe, na avalishwe siku za hatari ya kutoroka: siku ya kuhama, siku ya ugeni mkubwa, na mkesha wa mwaka mpya, kwani fataki huwafanya mbwa waruke kuta wasizowahi kuruka.

Chipu ya chini ya ngozi yenye namba ya tarakimu 15 ni nyongeza nzuri, haipotei wala hainasi. Upungufu wake kwetu ni kwamba inahitaji kifaa cha kuisoma, na jirani aliyemkuta mbwa wako hana. Namba ya simu ataisoma.

Dada yangu yuko Uingereza, anasema sheria inamlazimisha mbwa avae kola.

Akiwa mahali pa umma, ndiyo. Amri ya mwaka 1992 ya huko inataka kola yenye jina na anwani ya mwenye mbwa. Chipu ni lazima katika England tangu tarehe 6 Aprili 2016. Amri ya kola haimgusi mbwa akiwa ndani ya nyumba yake, kwa hiyo dada anaweza kumvua wakirudi.

Bila kola nitamshikaje akikaidi? Watoto wangu ndivyo wanavyomvuta.

Hapo ningependa watoto waache hata kama kola ipo. Kumnyakua mbwa shingoni, hasa akiwa anakula au amelala, ni sababu ya kawaida ya mtoto kung'atwa, na uso wa mtoto uko usawa wa mdomo wa mbwa. Vidole vidogo pia hunasa kwenye mkanda mbwa akichomoka. Aking'atwa, kidonda kioshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha hospitali siku ileile, hata kama mbwa ni wa nyumbani na kadi ya chanjo ipo.

Mbwa afundishwe kuitwa. Chukua vipande vidogo vya dagaa au maini ya kuku, mwite kwa jina, akija mpe, kisha gusa shingo yake kwa upole na umpe tena. Dakika tano asubuhi, tano jioni, kila mtu wa nyumbani ashiriki. Kola itundike kwenye msumari kando ya mlango pamoja na kamba. Baada ya siku chache utaona kitu: ukiishika tu, mbwa anakuja mwenyewe na kunyoosha shingo, kwa sababu sasa kola inamaanisha mnatoka.