Kuigiza historia si maigizo

Kila Agosti shemeji yangu wa Tabata hunitumia ujumbe wa sauti, na kila mwaka ni uleule: "Haya shem, maigizo yenu yameisha?" Mwaka huu kaongeza kicheko. Kaka yangu naye akaandika kwenye grupu la familia kwamba niko lokesheni napiga muvi ya Wazungu, na shangazi, Mungu amweke, akauliza inatoka lini.

Haitoki. Hakuna muvi. Naomba nilieleze neno hili mara moja, ili mwakani nikirudi na tope kwenye kanzu nipewe pole tu.

Kuigiza historia ni hivi: watu wa leo wanachagua kipande cha zamani, wanashona nguo zake, wanapika vyakula vyake, wanaunda silaha zake, kisha wanakutana siku kadhaa na kuishi hivyo kadiri wanavyoweza. Wengi huchagua Zama za Kati, yaani karne ya 5 hadi ya 15 hivi kwa hesabu ya Ulaya. Maana ndiyo hiyo. Kinachonikera ni kitenzi.

Kitenzi mama ni iga. Mtoto anaiga baba yake anavyokohoa, kasuku anaiga mlio wa simu. Ukiongeza kile kiambishi kinachotoa lipiza kwenye lipa na pigiza kwenye piga, unapata igiza, na hapo mambo yanabadilika. Kuiga unaweza ukiwa peke yako chumbani, mlango umefunga. Kuigiza, kwa jinsi neno lilivyokaa masikioni mwetu, kunataka mtu wa kukutazama. Mwalimu akisema "leo darasa la saba wataigiza", sote tunajua viti vitapangwa, mgeni rasmi atakaa mbele, na yule atakayekufa kwenye onyesho la tatu ameshaambiwa tangu wiki iliyopita kwamba atakufa. Maigizo yana mambo mawili hayo: mtazamaji, na mwisho unaojulikana. Ndugu yake tamthilia, tuliyeletewa na Waarabu, ana mzizi mmoja na mithili na methali, nao ni mzizi wa kufananisha. Unafananisha ili nani aone? Mtazamaji yuleyule.

Sasa, yapo maigizo ya historia ya kweli, wala sibishi. Kila Oktoba huko Battle, mji mdogo kusini mwa Uingereza, watu hukusanyika kwenye uwanja wa abasia ya zamani na kurudia vita vya Hastings vya tarehe 14 Oktoba 1066. Watazamaji wamekata tiketi. Wanormani, wavamizi kutoka Ufaransa, wanapanda kilima, Waingereza wanakaza ngao zao, na mfalme wao Harold anakufa. Alikufa mwaka jana, atakufa mwakani, na hata kikosi chake kikiwa na vijana wenye nguvu kuliko wote uwanjani, atakufa tu, kwa sababu hivyo ndivyo ilivyokuwa. Hapo neno kuigiza limekaa mahali pake. Poland nao huvirudia vita vya Grunwald vya mwaka 1410, na kila mara upande ulioshindwa ni uleule.

Mimi siendi huko. Mimi naenda Pennsic.

Pennsic ni kambi ya kila mwaka magharibi mwa jimbo la Pennsylvania, Marekani, karibu na mji unaoitwa Slippery Rock, mwendo wa kama saa moja kwa gari kaskazini mwa Pittsburgh. Huanza mwishoni mwa Julai na kuingia Agosti, zaidi ya wiki mbili, na hukusanya watu zaidi ya elfu 10 wenye mahema. Ilianza mwaka 1972. Jina lenyewe ni utani wa wasomi: wamechukua Pennsylvania wakaigongesha na Punic, vile vita vya Rumi na Carthage. Wanaopigana ni falme mbili za kubuni, Ufalme wa Mashariki na Ufalme wa Kati, pamoja na washirika wao, na masimulizi ya kambini yanasema dau la mwanzo lilikuwa Pittsburgh: atakayeshindwa ndiye anauchukua mji. Nami ninaishi Pittsburgh. Nimelisikia hilo mara nyingi na bado sijajua nicheke au ninune.

Chanzo chake ni kizuri zaidi. Mfalme mmoja wa Ufalme wa Kati alitangaza vita dhidi ya Mashariki, na Mashariki hawakumjibu. Baadaye yule bwana akahamia upande wa Mashariki, akapigania taji huko akalipata, akaikuta ile barua yake, akaikubali. Yaani alijitangazia vita mwenyewe. Na akashindwa! Hebu niambie ni mwandishi gani wa tamthilia angethubutu kukiandika hicho akategemea kuaminiwa.

Tofauti yangu iko hapohapo. Pennsic hakuna anayejua nani atashinda. Kuna vita vya uwandani, vya darajani na vya msituni, kila kimoja kina pointi, na pointi zinajumlishwa mwishoni kama ligi. Mapanga si ya chuma, ni fito za henzirani zilizozungushiwa utepe wa gundi, lakini zinakuja kwa nguvu zote, na kofia ya chuma na mavazi ya vita si mapambo. Ukipigwa mguuni unapoteza mguu, kwa hiyo unapiga magoti na kuendelea kupigana. Ukipigwa mkononi, mkono huo umekwenda, unauweka nyuma. Ukipigwa kichwani au kifuani kwa pigo la kutosha, umekufa.

Na nani anasema pigo limetosha? Aliyepigwa. Wasimamizi wapo, lakini kazi yao ni usalama. Hakuna refa wa kupuliza filimbi na kukuonyesha kaburi. Wewe mwenyewe, umesimama mbele ya adui aliyekuzidi, ndani ya kofia ambamo hakuna aliyeiona sura yako, unasema "limeingia", unaanguka. Mimi niliyezoea wachezaji wetu wanavyogaagaa kwenye boksi wakitafuta penalti, siku ya kwanza nilisimama pale mdomo wazi.

Tulikuwa sita kambini kwetu, na mmoja ni rafiki yangu kutoka Bukavu. Mwaka wake wa kwanza tulimpeleka ukingoni mwa uwanja kusaidia kugawa maji. Jitu moja lenye ngao ya bluu likadondoka miguuni petu, likalala kimya, jasho likichuruzika kwenye matundu ya kofia. Rafiki yangu akaliinamia, ndoo mkononi, akaniuliza kwa sauti ya msibani, "Huyu amekufa ao anapumzika?" Lile jitu halikuelewa Kiswahili lakini lilielewa ndoo. Likainua kinga ya uso, likanywa, likaomba na kipande cha tango la siki, maana wapiganaji wale hula matango ya siki na kunywa maji yake kurudisha chumvi mwilini. Kisha likajikokota hadi pa kufufukia. Ndiyo, kuna mahali pa kufufukia. Vipo vita ambavyo ukifa unakwenda kugusa mahali pako pa kufufukia na kurudi mstari wa mbele hadi muda uishe.

Na watazamaji? Hawapo. Sheria ya kambi ni kwamba kila aliyeingia lazima avae, japo kwa kujitahidi tu, nguo za kabla ya karne ya 17. Huna, kuna za kuazima. Muuza mkate kavaa, mpishi kavaa, mtoto wa miaka mitatu anayelilia usingizi kavaa. Hakuna jukwaa wala upande wa viti. Ziko sherehe nyingine Marekani, zile za maonyesho, unakata tiketi getini na suruali yako ya jinzi, waigizaji wa kulipwa wanakuinamia, unakula paja la bata mzinga, jioni unarudi kwako. Hizo ziite maonyesho, hakuna atakayekugombeza. Pennsic jioni harudi mtu. Magari yameondolewa kambini, deli la barafu limefunikwa kitambaa lisionekane, na mvua ya Agosti ikinyesha usiku mnaamka wote sita kukamata turubai, huyu anapiga vigingi kwa jiwe, yule anahamisha unga, na hakuna anayekumbuka kama yeye ni wa karne ya ngapi.

Wenyewe wanajiita Society for Creative Anachronism, yaani chama cha anakronisimu ya kubuni, na jina hili lingesomwa vizuri lingemaliza ubishi wote. Kikundi kilianza kwa sherehe ya nyuma ya nyumba huko Berkeley, California, tarehe 1 Mei 1966. Baadaye walipotaka kibali cha kutumia bustani ya mji wakaulizwa jina la kikundi, na hawakuwa nalo, ndipo likabuniwa. Neno gumu ni anakronisimu, Kigiriki: khronos ni wakati, ana hapa ni kwenda kinyume chake. Ni kitu kilichokaa kwenye wakati usio wake. Ukichora Fumo Liyongo ana simu mkononi, hiyo ni anakronisimu. Kwa hiyo tangu mlangoni watu hawa wamekiri: hatuirudii historia ilivyokuwa, tunachagua vya kuchukua. Ufalme tunauchukua, na tena kwetu mfalme hupatikana kwa kushinda mashindano, anatawala miezi sita, anaachia. Tauni tunaiacha. Na vyoo vyetu ni vile vya plastiki vya kubebwa na lori, wala hatuoni haya.

Nami somo hili nililipata kwa aibu. Mavazi yangu ni ya mfanyabiashara wa Kilwa, kwa sababu mtu anaweza kujichagulia kuwa wa popote mradi ni wa zama zenyewe, na Kilwa ilikuwepo. Ibn Battuta alifika pale mwaka 1331, akaukuta mji mzuri, na sultani wake alikuwa na sarafu zake za shaba zenye jina lake. Basi mwaka wa kwanza nikajitundika kanga mbili hemani kama pazia, nikajisifu kwa majirani kuwa ni nguo ya kale ya pwani yetu. Mama mmoja mfumaji wa nguo, aliyekuwa amevaa kitani alichokifuma mwenyewe, akaishika ncha, akalitazama lile jina la kiwanda pembeni, akaniuliza kwa upole kitambaa cha kuchapwa namna hii kilianza lini. Karne ya 19, jamani. Kilwa ile ilisokota pamba yake yenyewe, vigae vya kusokotea vimechimbuliwa pale, lakini kanga na jina lake hawakuwahi kuiota. Nimeziacha zitundikwe hadi leo. Ni anakronisimu yangu.

Basi tuliite nini? Waswahili hatuna shida ya jambo lenyewe, shida ni kwamba tukiliona kwa Wazungu tunalisahau. Makunduchi, Zanzibar, kila Julai, siku ya Mwaka Kogwa, wanaume wa pande mbili hupigana kwa migomba, migomba inakatikia migongoni mwa watu, wanawake wanaimba na kutupa maneno, kibanda cha makuti kinachomwa. Nani amewahi kumwambia Mmakunduchi kwamba alikuwa kwenye maigizo? Na babu zetu wa ngoma ya beni, makundi ya Marini na Arinoti, walikuwa na wafalme na majenerali na vyeo vyote na sare zake, wakishindana mji kwa mji. Waliitwa wachezaji. Ngoma inachezwa.

Na ajabu ni kwamba Serengeti nayo iko Pennsic. Upande mmoja wa kambi ni uwanda wa wazi, jua kali, na watu wake wanauita hivyo, Serengeti. Mwaka huu tulipangiwa huko. Nilipomwambia jirani kwamba mimi nimetoka nchi yenye Serengeti ile nyingine, akaniuliza kama kwetu nako hakuna kivuli.

Kwa hiyo shemeji, taratibu tu: usiseme nilikwenda kwenye maigizo. Sema nilikwenda kupiga kambi, au sema nilikwenda vitani, kaka atashtuka kidogo lakini atazoea. Na ukitaka neno moja la kunitania, mchezo linatosha kabisa. Hata ngumi ni mchezo, na anayepigwa anaumia kweli.