Mlinzi wa Usiku na Swali la Makazi: Kuhusu Wanajeshi Wastaafu

Ukipita saa nne usiku kwenye maduka ya katikati ya mji wa Moshi, si ajabu ukamkuta mzee mwenye koti zito, rungu na jiko dogo la mkaa, ambaye namna anavyosimama kupokea salamu inakuonyesha kuwa aliwahi kuvaa magwanda. Wapita njia humwona kuwa ni mtu aliye kazini. Sisi wa ustawi wa jamii hulazimika kuuliza swali la pili: kukipambazuka, analala wapi? Anayejibu kwamba hujiegesha kwenye stoo ya tajiri wake hana makazi, hata kama hajawahi kulala barabarani.

Kwa askari aliyeishi kota za kambini, nyumba ni sehemu ya ajira, na siku anapokabidhi vifaa hukabidhi na ufunguo. Kiinua mgongo kikiishia kwenye ada, madeni na biashara asiyoizoea, hubaki na pensheni ya mwezi, ambayo huenda ikalipa kodi ya chumba lakini haijengi.

Hapa Kilimanjaro jibu la haraka ni kwamba arudi kihambani, yaani kwenye shamba la ukoo. Kwa desturi ya Wachagga, nyumba ya wazazi hubaki kwa mtoto wa mwisho wa kiume, na aliyetumikia Songea au Tabora miaka yote hiyo huenda akakuta mpaka wa masale, mimea inayopandwa kutenganisha vihamba, umesogezwa (na jani la isale hilohilo ndilo huombewa msamaha, kwa hiyo dawa wakati mwingine iko uani). Tunashauri kianze kikao cha ukoo, tena chenye muhtasari uliotiwa saini. Kikishindikana, Baraza la Kata husuluhisha tu tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021. Mwenye kuamua ni Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Shauri la kudai ardhi lina ukomo wa miaka 12, hivyo ustahimilivu usio na maandishi humponza mzee.

Marekani, ambako wasio na makazi huhesabiwa usiku mmoja wa Januari, walipatikana wanajeshi wa zamani zaidi ya 74,000 mwaka 2010, na 32,882 mwaka 2024. Katika mpango wao wa HUD-VASH, wizara ya makazi huchangia kodi ya nyumba, na wizara ya wanajeshi wa zamani humpangia mhusika ofisa wa kufuatilia matibabu na mahitaji yake mengine. Mtu hangoji kuacha pombe ndipo apewe ufunguo, na kwa maoni yangu hapo ndipo penye somo, ingawa hesabu ya namna ile ingempita mlinzi wetu wa stoo bila kumwona.

Kwetu kazi huanzia kwenye bahasha ya kaki ambamo mzee huweka hati zake. Pensheni ya mwanajeshi hulipwa na Hazina, na inaweza kusimamishwa mstaafu asipojitokeza kwenye uhakiki. Tatizo tunalokutana nalo ni dogo kwa macho: hati ya utumishi inasema Yusufu, kitambulisho cha Taifa kinasema Yusuph. Tofauti ya namna hiyo ishughulikiwe mapema kwa hati ya kiapo, kabla uhakiki haujatangazwa.

Mwenye duka au jirani anaweza kumfikisha mzee kwa mtendaji wa kata au ofisa ustawi wa jamii. Asimpeleke saa mbili asubuhi akiwa ametoka lindo, kwa maana atasinzia kwenye benchi na kuondoka kabla hajaitwa. Amwache alale kwanza, waende mchana pamoja na bahasha yake.