Rangi ya gereji kubanduka: si lazima iwe feki

Wenye nyumba wengi Moshi na Arusha huamini kwamba zege likishakauka juu halipitishi maji tena. Kwa hiyo rangi ya sakafu ya gereji ikibanduka, lawama huenda kwa muuza rangi au fundi.

Wakati mwingine ni haki yao. Lakini zege, hata likipigwa niru vizuri, lina vitundu vidogo sana. Kama halikuwekewa nailoni nzito chini, huvuta unyevu wa ardhini, hasa masika, Machi hadi Mei. Unyevu huo ukizibwa na rangi isiyopitisha mvuke, rangi hutoa malengelenge. Unga mweupe wa chumvichumvi sakafuni ni dalili kwamba maji yanapita.

Kupima hakuna gharama. Kata nailoni angavu, sentimita 45 kwa 45, ibandike kwa selotepu pande zote nne, uiache angalau saa 16. Ukikuta matone, au zege limekolea rangi, usipake bado epoksi, ile rangi ngumu isiyopitisha mvuke. Zege jipya lipe kwanza siku 28 (mafundi wenye haraka hawapendi kusikia hilo). Na jaribio la kiangazi laweza kukudanganya. Rudia mvua zikikolea.

Unyevu ukigoma, baki na niru tupu, au weka vigae visivyoteleza. Vigae navyo vigonge kwa sarafu kabla ya kumlipa fundi: kinacholia kama kitu kitupu ndani hakina saruji ya kutosha chini, na tairi litakipasua.